Silinda ya Tatu

Ilianza Novemba, baridi ya kuuma masikio,
kwenye mlima wa kutoka Todmorden kwenda Bacup:
gari likatetemeka kama mtu aliyesahau neno
naye bado yuko katikati ya sentensi.
Zuwena akasema, "Linamisi."
Nikasema, "Ni baridi."
Kesho yake akasema, "Linamisi,"
nami nikasema, "Ni mafuta ya supamaketi."
Keshokutwa hakusema kitu. Alipanda basi la saa kumi na moja na nusu,
akawafikia wagonjwa wake amechelewa, soksi zimelowa.

Basi nikafungua boneti.

Wa kulaumiwa nilikuwa nao tele:
Craig wa Halifax, aliyetuuzia huku akimwapia mama yake;
chumvi wanayomwaga barabarani;
kichungi (nikakibadilisha, pauni kumi na nne);
plagi za kupasha (nikazipima zote,
zote nzima, nikazirudisha bila kuzitazama usoni).
Na moshi mweupe, mchungu wa macho,
ukakaa uchochoroni kama mgeni asiyejua kuaga.

Moja, tatu, nne, mbili.
Hivyo ndivyo silinda zinavyopokezana moto, si kwa foleni.
Ni watwangaji wanne wa kinu kimoja,
mchi ukipanda mwingine unashuka.
Nikainama, bisibisi sikioni, ncha juu ya chuma,
nikasikia: mmoja ameinua mchi
akasahau kuushusha.

Yupi?

Haroon wa teksi, nyumba ya pili, akaja na mipira minne myembamba.
Zuwena akaosha chupa nne za dawa ya kikohozi.
Tukazifunga kwa uzi, kila injekta na chupa yake,
zipokee mafuta yanayorudi,
tukawasha, tukahesabu dakika mbili.
Ya kwanza, kidole kimoja.
Ya pili, kidole na unyevu kidogo.
Ya nne, kidole.
Ya tatu ikajaa hadi shingoni, ikafurika,
ikanimwagikia kiatu.

"Huyo," akasema Zuwena, "namjua.
Ni yule anayeficha dawa shavuni
akisubiri ugeuke aiteme."

Kumjua ni jambo moja. Kumng'oa!
Masizi yalikuwa yameganda shingoni mwake kama lami.
Asubuhi na jioni nilimtilia mafuta ya kupenya,
tone, tone, kama dawa ya macho, siku tatu,
na siku ya nne, Jumapili, mvua ya ubavu,
spana ikasogea upana wa unywele.
Nilipiga kelele, mbwa wa jirani akaitikia.

Nyingine tuliipata Rochdale, kwenye makaburi ya magari,
pauni sitini, imetolewa kwenye gari lililopondwa nyuma
lakini moyo wake mzima.
Pete mpya ya shaba, nyembamba kama ukucha, peni themanini.
(Hiyo usirudie ya zamani. Niliwahi. Sitasema zaidi.)

Halafu namba. Kila injekta imechorwa jina lake kichwani
na injini haili na asiyetambulishwa.
Haroon kashika kifaa chake, mimi nasoma, meno yanagongana:
nane, B, tatu...
"Hiyo ni nane tena," akasema Zuwena na tochi yake,
"vaa miwani."

Nikaminya pampu ya mkono kutoa upepo
mpaka ikawa ngumu kiganjani.
Nikawasha. Likakohoa. Likakohoa tena,
likatema wingu moja la mwisho,
kisha michi yote minne
ikaingia kinuni.

Hakuna aliyepiga makofi. Haroon alikuwa na abiria wa stesheni.
Zuwena akaweka sikio, akaweka mkono juu ya boneti,
akauliza, "Na baridi je, imekwisha?"

Saa kumi na moja na nusu akaondoka, giza bado.
Nilisimama mlangoni na kandambili,
nikamsikiliza akipanda, gia ya tatu, gia ya pili,
mpaka kona ya shule ikammeza.
Nikarudi ndani. Nikanawa mikono mara tatu.
Mkate bado ulikuwa na ladha ya dizeli.